Fundi Aliyetaka Mlango Ufunguliwe

Alhamisi, tarehe tisa, mwezi wa tano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, siyo ya kutisha, ni ile ya kuwaudhi waliofua jana. Milima ya upande wa Lutindi haikuonekana mpaka saa nne. Nimetoka nyumbani Kilole nikaenda kazini viatu mkononi, nikavivaa getini baada ya kunawa miguu bombani.

Leo Fundi Mkuu amekuja. Yapata miaka mitatu sijamwona uso kwa uso, na miaka yote hiyo nimebeba swali moja: je, alinichukia kwa kile nilichoandika? Nitafika huko. Kwanza nataka nimweke hapa jinsi alivyokuwa, maana nikianza na ya leo nitamwandika kwa moyo wa leo tu, na hiyo haitakuwa haki kwake wala kwa waliogombana naye. Mimi niliishia darasa la saba, Handeni, kwa hiyo nikikosea mpangilio, basi.

Pale chuoni kwetu, nje kidogo ya mji wa Korogwe, kuna jengo moja lisilo na madirisha ya nje. Ndani yake kuna mashine ya leza. Mimi ni mhudumu wa jengo hilo, nafuta na kupanga, na nimefanya hivyo tangu mashine ilipoletwa kwa malori mawili, watu wakasimama barabarani kutazama wakidhani ni mitambo ya kiwanda cha mkonge. Leza ni mwanga. Nilipomwuliza Fundi Mkuu ni mwanga wa namna gani, alinipeleka nje, akanyoosha mkono kuelekea mashambani.

"Unaliona hilo shamba la mkonge? Chukua jua lote linaloliangukia, ulibane lipite kwenye tundu la sindano, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ndiyo mashine yetu."

"Na kwenye tundu kuna nini?"

"Kwenye tundu, Mama Asha, usiweke kidole."

Basi hayo ndiyo ninayoyajua. Wasomi husema zaidi. Najua pia kwamba mwanga huo ukigonga kipande cha chuma ndani ya tungi lililonyonywa hewa, hutoka eksirei kali, na eksirei hiyo inapiga picha ya ndani ya kitu bila kukipasua. Na najua kwamba kabla ya kufika hapo mwanga unapita kwenye vioo vingi, kimoja baada ya kingine, na vioo hivyo ndivyo vilivyokuwa maisha yake.

Alikozaliwa sikumwuliza. Kaka yake ana duka la vitambaa mjini, karibu na soko, na Fundi Mkuu aliishi nyumba ya nyuma ya duka hilo. Ni Wahindi wa hapahapa. Kizigua alikijua kuliko mimi ninayetoka Handeni, kwa sababu mimi nilikiacha kwa bibi yangu na yeye alikitumia kila siku na wateja. Mama anayeuza mihogo getini alikuwa akimtania kwa Kizigua na yeye akimjibu kwa Kizigua, mpaka wanafunzi wa kutoka mikoa mingine wakasimama mdomo wazi. Alikuwa mwembamba, kipara, na masharubu aliyoyapenda sana. Watu walimwambia masharubu yanadondosha nywele ndani ya maabara. Alivaa barakoa mbili badala ya kuyanyoa.

Siku yangu ya kwanza nilifagia chumba cha mashine vizuri kama ninavyojua. Akaja na tochi, akalala kifudifudi, shavu sakafuni, akamulika kwa ubavu. Vumbi likaonekana kama mchanga wa mtoni.

"Umefagia kama nyumbani," alisema akiwa bado amelala pale. "Ufagio unalihamisha vumbi. Hapa tunafuta kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, tunakitazama, tunakikunja, tunafuta tena. Kitambaa kikitoka cheupe, umemaliza."

"Kikitoka cheusi?"

"Bado uko kazini."

Wiki ile nilipiga magoti mpaka nikapaka mafuta ya mgando kwenye goti kila jioni. Nilimchukia kidogo. Halafu siku ya Ijumaa nikamkuta yeye mwenyewe anafuta chini ya meza kubwa, mahali ambapo nilikuwa nimeshafuta, na hakusema kitu kunilaumu. Nikajua siyo mimi anayenishuku. Anashuku vumbi.

Alikuwa na namna ya kupima waya. Alinyoosha kutoka pua hadi ncha ya kidole, pua hadi kidole, kama kaka yake anavyopima kanga dukani. Halafu akachukua rula akapima tena. Mara nyingi alikuwa amekosea kwa upana wa kidole kimoja, na alifurahi kila mara kama mtu aliyeshinda. Nilimwuliza kwa nini asianze na rula moja kwa moja. Akasema mkono usipotumika unasahau.

Chai alikunywa bila sukari, nje ya jengo, amesimama. Hakuruhusu chai ivuke kizingiti hata ya Mkuu wa Chuo. Manukato marufuku, poda marufuku, mafuta ya nywele yenye harufu marufuku. Yeye alikuwa akija asubuhi na ndoo yake ya taulo na malapa, anaoga kwenye bafu la jengo, anabadili nguo zote, ndipo anaingia. Sababu ni kwamba kwa kaka yake wanawasha udi wa vijiti kila alfajiri kwa ajili ya sala zao, na nyumba nzima inanukia.

"Fundi, leo umeoga mara ngapi?" mama wa mihogo alimpigia kelele.

"Mara mbili, na bado nanuka duka la kaka yangu!"

"Unanuka fedha, mwenzangu!"

"Ningekuwa nanuka fedha ungenipa mihogo kwa mkopo?"

Nisije nikamfanya mtu wa kuchekesha tu. Alikuwa mkali, na mara nyingine mkali bila haki. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa kike aliyegusa pembeni ya kioo kwa glovu chafu. Fundi Mkuu alimsema mbele ya wenzake wote mpaka yule msichana akatoka nje akalia kwenye ngazi. Kosa lilikuwa la kweli. Lakini wiki iliyofuata mwanafunzi wa kiume alifanya vilevile na akaambiwa "angalia, bwana" tu. Nilikuwepo mara zote mbili. Hakuwahi kumwomba yule msichana radhi, angalau mimi sikusikia.

Kwa upande mwingine, kulikuwa na lile daftari. Karibu na mlango alitundika daftari kubwa kwa kamba, na kalamu imefungwa juu yake. Aliliita Daftari la Makosa. Sheria yake ilikuwa rahisi: ukikosea, unaandika mwenyewe, kwa mkono wako, na jina lako, kabla ya saa sita mchana wa siku inayofuata. Ukiandika, hakuna wa kukufokea. Usipoandika na ikajulikana, utajuta. Nililisoma nilipokuwa napanguza kamba yake. Nusu ya makosa ilikuwa yake. "Nimeacha bisibisi mezani. Fundi Mkuu." "Nimesahau kuzima pampu, imekoroma usiku kucha. Fundi Mkuu." "Nimemjibu mwalimu vibaya, ila alistahili. Fundi Mkuu." Kwa kweli ni lile daftari lililonifanya nianze hili langu. Niliona mtu mzima anaandika jambo la aibu, anafunga kalamu, anaendelea kuishi.

Hata hivyo mimi sikuandika mle. Hakuna aliyenikataza. Niliona tu kwamba ni la mafundi, na mimi ni mfutaji.

Sasa niandike habari ya mlango.

Mashine ile ilifanya kazi siku tatu kwa wiki. Siku nyingine ilikaa kimya, imefunikwa, kwa sababu walimu wetu walikuwa wachache na kila mmoja alikuwa na vipindi. Fundi Mkuu hilo lilimkera kuliko vumbi. Alitaka siku zile nyingine zitolewe kwa watafiti wa nje, kutoka vyuo vingine, vituo vya kilimo, hospitali, popote. Alikuwa ameandika barua mwenyewe, na ikajibiwa kwamba imepokelewa. Akaandika nyingine.

Na hapa kuna kinyume chake kikubwa. Huyu aliyetaka mlango ufunguliwe ndiye aliyekuwa mgumu kuufungua. Funguo alizifunga kiunoni kwa kamba ya kitambaa. Wageni wa heshima walipoletwa kutazama aliwasimamisha kwenye dirisha la ndani, la kioo, pale koridoni, kama watoto wa shule. Na akiwataja watafiti wa nje aliwasema: watakuja na simu mifukoni, watakuja na viatu vya sokoni, watakuja wanakohoa. "Sasa unawataka wa nini?" nilimwuliza. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini tunakula.

Nilikuwa naandaa chai nje ya mlango siku aliyobishana na Naibu. Huyu ni naibu wa Mkuu wa Chuo, mtu mpole, msafi wa mavazi, ambaye lazima niseme alinisaidia mwanangu alipolazwa. Walisimama kwenye korido.

"Mzee wangu, mashine hii ni ya chuo," alisema Naibu. "Tukifungua atakuja kila mtu na mambo yake. Ikiharibika nani ataitengeneza?"

"Mimi."

"Na wewe umebakiza muda gani wa mkataba?"

"Ndiyo maana nina haraka."

"Haraka ya nini hasa?"

"Kuna mtu yuko mahali, Naibu, pengine Handeni, pengine Mombo, ana swali linaloweza kujibiwa na mashine hii tu, na hajui kama ipo. Na sisi tuna mashine, siku nne kwa wiki haina swali. Wewe unalala vipi?"

Naibu alicheka. Akasema yeye analala vizuri. Lakini alilipeleka jambo kwenye kikao, hilo nampa haki yake, na kikao kikakubali kwa majaribio. Wageni watatu katika muhula mmoja. Madhara yoyote yakitokana na mgeni, mlango unafungwa na hilo halizungumzwi tena. Wakati huohuo barua ya Fundi Mkuu ya kuongezewa muda ilikuwa mezani inasubiri sahihi. Alikuwa ameshaongezewa mara moja. Sote tulijua kwamba majaribio yakienda vizuri itasainiwa, ingawa hakuna aliyesema kwa mdomo.

Mgeni wa kwanza alikuwa mwanamke kijana wa kituo kimoja cha utafiti wa kilimo. Alikuwa anachunguza fukusi anayekula mkonge kwa ndani, ambapo mmea unaonekana mzima kumbe shina limeshakuwa unga. Alitaka kupiga picha ya mdudu akiwa hai ndani ya shina, bila kulipasua. Sisi tukamwita Dada wa Mkonge na jina likakaa. Angefika Jumatatu.

Ijumaa Naibu alipita akanusa. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kinanuka spiriti tunayosafishia. Akaniambia, "Mama Asha, Jumatatu tuna wageni. Pasinuke dawa hivi, wataona wameletwa wodini."

Nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Nilikuwa nimesikia habari ya mlango ule kwa muda mrefu kiasi kwamba niliona kama mgeni anakuja kwangu. Na mgeni akija kwangu ninajua la kufanya. Jumatatu nilifika kabla ya wote, nimebeba chetezo changu cha nyumbani kwenye mfuko. Nikaomba makaa mawili kwa mama wa mihogo, nikaweka udi, udi mzuri wa shangazi yangu uliolowekwa mafuta, nikakiacha chetezo kwenye chumba cha kubadilishia kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikakizungusha kidogo pembe nne, kama inavyotakiwa. Halafu nikakitoa, nikafuta kila kitu kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikatoka cheupe. Nikaona nimefanya vizuri mara mbili.

Watu watauliza: hukujua kwamba moshi hautakiwi? Nilijua sigara haitakiwi. Nilijua manukato ya chupa hayatakiwi. Udi haukunijia akilini kama moshi. Kwetu udi ni salamu. Hakuna aliyewahi kuutaja, siyo kwenye karatasi ya ukutani wala kwa mdomo. Sisemi hili kujitoa. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Fundi Mkuu alifika, akaenda kuoga. Akatoka, akasimama mlangoni, akanusa mkono wake mwenyewe. Akarudi akaoga tena. Nilimwona. Nikafikiri ni wasiwasi wa siku kubwa.

Dada wa Mkonge alikuja na gunia la mashina. Gunia lenyewe liliachwa getini, alikata vipande palepale nje, akavifunga, akaviingiza kwa kisanduku safi. Alivua viatu kabla ya kuambiwa. Nikaona Fundi Mkuu anamtazama miguu na anaridhika.

Mchana, mashine ilipopandishwa nguvu, kioo kimoja kikaungua. Kwanza alama ndogo kama punje ya ufuta. Walipozima ilikuwa kama haragwe. Fundi Mkuu alitoka akakaa kwenye benchi la korido na miwani ya kinga bado usoni. Sijawahi kumwona amekaa saa za kazi.

Naibu alikuja mbio. Akatazama, akauliza, halafu akasema neno moja, "Gunia."

"Gunia halikuingia ndani," alisema Dada wa Mkonge. "Waulizeni wa getini."

Hakuna aliyekwenda kuuliza. Kikao kikaitishwa kesho yake saa tano. Yule dada alibaki amesimama na kisanduku chake, na watu wakampita kama nguzo.

Jioni Fundi Mkuu aliniita nimshikie tochi. Alipangusa pembeni ya kioo kwa pamba, akaiweka karibu na pua, akafumba macho. "Siyo vumbi," alisema. "Ni mafuta. Vumbi linazuiwa na vichujio. Mvuke wa mafuta unapita, unakaa kwenye kioo, mwanga unaupika." Akaigeuza ile pamba. "Mafuta kutoka wapi, sasa?"

Mkono wangu na tochi ulitikisika, na yeye akaniambia nishike vizuri. Nikashika vizuri. Sikusema kitu. Huo ndio ukweli na sijaupunguza.

Kesho yake asubuhi niliingia, nikashika kalamu iliyofungwa kwa kamba. Naweza kuandika tena maneno yale kwa sababu nayakumbuka yote. "Mimi mhudumu, Mama Asha. Jumatatu asubuhi kabla watu hawajafika nilichoma udi kwenye chumba cha kubadilishia kwa ajili ya wageni. Chetezo ni changu. Sikujua. Gunia la mgeni halikuingia ndani, nililiona getini." Nilipomaliza nikaenda kufuta choo, kwa sababu ndipo nilipotakiwa kuwa saa ile.

Nilidhani nitafukuzwa. Mume wangu alikuwa hana kazi mwaka ule, na mkataba wangu ulikuwa wa mwezi kwa mwezi.

Saa nne nilipita tena. Chini ya maneno yangu kulikuwa na mwandiko wake. "Nilisikia harufu ya udi. Nilidhani ni yangu ya nyumbani. Nikaoga tena, nikaendelea na kazi bila kuuliza. Fundi Mkuu."

Daftari lilibebwa likapelekwa kikaoni. Niliitwa nikasimama mlangoni. Mwalimu mmoja alitaka nifukuzwe siku hiyohiyo. Naibu akasema, "Nilimwambia pasinuke dawa. Sikumwambia achome." Na ni kweli, hakuniambia nichome. Mwingine akauliza, kama Fundi Mkuu mwenyewe alisikia harufu na hakusimamisha kazi, mhudumu atafukuzwa kwa lipi? Fundi Mkuu alikuwa amekaa mwisho wa meza, anatazama mikono yake. Hakujitetea na hakunitetea.

Uamuzi ulikuwa huu. Kosa si la mgeni, kwa hiyo majaribio yaendelee. Mimi nipewe barua ya onyo. Kioo kiagizwe kingine. Habari ya muda wa Fundi Mkuu haikuguswa kikaoni, ila mwisho wa mwezi ilijulikana kwamba barua yake haikusainiwa. Ilisemwa ni umri. Labda ni umri kweli. Siku nyingine naamini hivyo.

Aliondoka siku ya Ijumaa. Nilikuwa napanguza korido. Alipita na ndoo yake, taulo na malapa ndani, kiunoni hakuna funguo. Nikasema, "Shikamoo, Fundi." Akasema, "Marahaba. Vile vitambaa vyeupe vimebaki viwili, agiza." Akaenda.

Tangu hapo nilikuwa nikienda sokoni nazunguka kwa nyuma ili nisipite mbele ya duka la kaka yake. Shuka za Asha za kwenda shule ya bweni nilizinunua Mombo, nauli juu, kwa sababu hiyo tu. Mume wangu alisema mimi ni mjinga. Wageni walizidi kuja mwaka hadi mwaka. Alikuja daktari wa mifugo na mfupa wa ng'ombe. Walikuja watu wa mbegu. Kila mgeni nilipompa koti na mifuko ya viatu, nilifikiri: huyu ameingia kwa mlango ambao mwenye kuutaka yuko nje yake, na mimi ndiye niliyeandika.

Sasa ya leo.

Saa tatu Dada wa Mkonge alifika. Amekuwa mgeni wa kawaida, anakuja mara mbili kwa mwaka, na sasa wanamwita Daktari, ila mimi bado namwita Dada. "Shikamoo, Mama Asha," alisema. "Safari hii nimekuja na msaidizi. Hakuna anayekata vipande vyembamba kama yeye."

Nyuma yake, mwavuli umekunjwa, kisanduku mikononi, alikuwa Fundi Mkuu. Masharubu yamekuwa meupe kabisa.

Nilimwamkia. Akaitikia. Nikamsogezea kitabu cha wageni. Kwenye jina akaandika jina. Kwenye kazi akaandika "msaidizi". Penye "anatoka wapi" alifikiri kidogo, akaandika "nje".

Fundi wa sasa ni msomi aliyetoka Arusha, hakuwahi kumwona. Akamsimamisha karibu na benchi akampa maelezo yote ya wageni, pole kwa pole, kama anavyompa kila mzee. Viatu unavua hapa. Simu unaacha pale. Ukitaka kupiga chafya toka kwanza.

"Na nikitaka kukohoa?" aliuliza Fundi Mkuu.

"Vilevile, mzee, unatoka."

"Na hili benchi ni la kukalia au la kuwekea vitu?"

"La kukalia tu, mzee."

"Vizuri," alisema. Benchi lile alilipigilia misumari yeye mwenyewe, nilimshikia mbao. Dada wa Mkonge aliinamia kisanduku chake kuficha kicheko.

Saa tano mashine ilikuwa inapashwa, wakatoka kunywa chai. Mvua bado. Yeye alisimama chini ya paa la mlango, kikombe mkononi, bila sukari. Nikaenda na ndoo yangu nikasimama karibu. Nilijiambia nisipouliza leo nitauliza lini.

"Fundi, ulinichukia?"

Hakujifanya hajaelewa. "Nilikukasirikia," alisema. "Kama miezi mitano hivi."

"Kwa kuandika?"

"Kwa kuandika bila kuniambia. Jioni nzima umenishikia tochi."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Tochi ilikuwa inacheza kama ya mlevi." Akapuliza chai. "Halafu siku moja niko dukani nampimia mtu kitenge, nikajiuliza, haya, angeniambia ile jioni, ningefanya nini? Nikakosea kupima, kaka yangu akanitukana."

"Ungefanya nini?"

"Ningekwambia usiandike."

Nikaweka ndoo chini.

"Ndiyo. Ningesema subiri, Mama Asha, kikao kipite, barua yangu isainiwe, halafu tutaona namna ya kusema. Ningekueleza vizuri sana, na wewe ungenisikiliza, kwa sababu ulikuwa unanisikiliza." Alionyesha ndani kwa kidevu, ambako yule dada alikuwa amesharudi kupanga vipande vyake. "Na huyu angeondoka na kosa letu. Mlango ungefungwa, na mimi ningebaki ndani na funguo zangu."

Nilitaka kusema kwamba asingefanya hivyo, lakini yeye anajijua kuliko ninavyomjua, na kumbishia kungekuwa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa hiyo sikumbishia. Sijui kama nilifanya sawa.

"Msaidizi!" Dada wa Mkonge aliita. "Tunaanza."

"Nakuja, bosi," alisema. Akanipa kikombe, akajipangusa masharubu, akavaa barakoa mbili. Kwenye mlango akasimama kando kumpisha fundi wa sasa afungue, na ulipofunguliwa akaingia wa mwisho.

Saa kumi wakaondoka. Picha zilitoka vizuri, nimesikia. Nilirudi kwa njia ya mjini, nikapita mbele ya duka la kaka yake.

Jioni tumekula ugali wa dona, kisamvu cha nazi na dagaa wa kukaanga. Nilisonga ugali mkubwa kuliko wa siku zote, na umeisha.